Ndoto za Macho

Nilikuwa na miaka tisa Bibi aliponiambia kwamba katika ukoo wa mama yake kila kizazi huzaliwa mtu mmoja anayeota huku anajua kuwa anaota. Aliniambia hivyo kwa sababu asubuhi ile, tukinywa chai, nilimsimulia ndoto ambayo ndani yake nilijiambia, "Hii ndoto," kisha nikaendelea kuota. Kwangu lilikuwa jambo dogo. Bibi aliweka kikombe chini.

"Uliposema hivyo uliamka?"

"Sikuamka."

"Basi ni wewe," akasema, akaendelea na chai yake.

Bibi yangu huyo, Bi Zuwena, mama wa baba yangu, alizaliwa Unguja akaja Maskati akiwa na mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni. Tulikaa naye mtaa wa Wadi Kabir, katika nyumba iliyotazamana na migongo ya magereji, na mchana kutwa tulisikia nyundo za mafundi wanaonyoosha milango ya magari. Ndani ya nyumba tulikuwa wanne: Bibi, Baba aliyekuwa karani wa ghala, mama yangu Salma, na mimi.

Ndoto za aina ile Bibi aliziita ndoto za macho, kwa kuwa mwotaji yu macho ndani ya usingizi wake. Aliamini kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kwenda anakotaka na kuona mambo ya kweli, kitu kilichofichwa au mtu aliye mbali. Ila macho hayo, alisema, sharti yafunzwe, kama mkono unavyofunzwa kushona. Alianza kunifunza wiki ile ile.

Ilikuwa kiangazi, skuli zimefungwa, na kiangazi cha kwetu baada ya sala ya adhuhuri hakuna anayetoka. Watu hula, hufunga mapazia, hulala. Bibi alinitia nukta ya hina katikati ya kiganja cha kulia, akaniamrisha niitazame kila ninapopita mlangoni.

"Ukizoea kuitazama mchana, utaitazama na ndotoni," alisema. "Ukiona haipo, au ziko tatu, jua unaota. Usishtuke. Ukishtuka utaamka."

Nilitazama kiganja siku nne mpaka Mama akaniuliza kama kinaniwasha. Siku ya tano nilijiona nimesimama kwenye ukumbi wetu, ambao ulikuwa mrefu kuliko kawaida, nikafungua mkono. Hakukuwa na nukta. Nakumbuka utulivu ule hadi leo. Sikuogopa wala sikufurahi sana. Nilijua tu kwamba mwili wangu umelala kwenye godoro chumbani kwa Mama, na kwamba mimi niko hapa ukumbini na naweza kwenda kushoto au kulia.

Bibi alikuwa na mkebe wa biskuti. Kila mchana alitia ndani yake kitu kimoja nisichokijua, akauweka juu ya kabati lake, na kazi yangu ilikuwa kwenda ndotoni nikaufungue. Mara ya kwanza niliona limau. Nilipoamka nikamwambia, akaufungua mkebe, akatoa kifungo cha manjano cha gauni.

"Manjano, mviringo," akasema. "Umeona. Ila umekiona kwa mbali."

Siku nyingine niliona ufunguo na ndani kulikuwa na ufunguo kweli. Siku nyingi niliona vitu ambavyo havikuwamo: kijiko, mjusi, meno ya bandia ya jirani. Bibi alizisahau siku hizo na mimi nikazisahau pamoja naye. Leo najua kwamba vitu vinavyoingia katika mkebe wa biskuti wa bibi kizee si vingi, na mtoto anayekaa naye kutwa anaweza kubahatisha. Wakati ule sikujua. Nilijiona nina kitu ambacho watoto wenzangu hawana.

Baba alipogundua hakupenda. "Mama, mtoto asifunzwe mambo haya," alimwambia Bibi. "Yana dhambi."

"Namfunza kulala," Bibi akamjibu. "Kulala nako kuna dhambi?"

Baba akavaa viatu akatoka. Alikuwa mtu mkali, lakini mambo ya aina hiyo aliyaogopa kuliko alivyotaka kuonesha.

Sasa lazima nimtaje Shangazi Raya, ambaye wakati ule hakutajwa. Raya alikuwa dada yake Baba, mdogo wake wa pekee. Kiasi cha mwaka mmoja nyuma alikuwa ameposwa na Athumani, Mkenya wa Mombasa aliyekuwa fundi wa viyoyozi hapa Maskati. Baba alikataa posa ile mara mbili, kwa hoja kwamba hawamjui mtu huyo ni wa nani. Raya akapanda ndege akaolewa huko huko Mombasa. Baba alisema jina lake lisisikike tena nyumbani, na kila mtu akatii. Bibi hakuwa na nambari ya simu ya binti yake, na hata angekuwa nayo, simu yake alikuwa akiipokea tu, hajui kuipiga.

Mchana mmoja, baada ya chakula, Bibi aliniita chumbani kwake. Mkebe ulikuwa juu ya kabati kama kawaida.

"Leo sijatia kitu," alisema. "Leo nnataka uende kwa Raya."

"Mombasa?"

"Popote alipo. Umtazame tu. Ukirudi uniambie kama yu mzima."

Sauti yake haikubadilika aliposema hivyo. Hilo ndilo lililonifanya nielewe, hata kwa akili ya miaka tisa, kwamba mafunzo yote yale, hina na mkebe, yalikuwa yakielekea hapa.

Nilijaribu siku tatu. Nilifika ukumbini, nikaangalia kiganja, nikajua naota, lakini kila nilipomfikiria Shangazi, nje ya mlango kulikuwa na barabara yetu na magereji basi. Kila nilipoamka Bibi alinitazama, nikatikisa kichwa, akaniambia nikanywe maji. Siku ya tatu hakuniambia hata hilo. Aligeukia ukutani.

Siku ya nne nilipanda ngazi. Nilikuwa najua naota, nukta za kiganja zilikuwa saba. Chini ya ngazi kulikuwa na duka na mlio wa cherehani nyingi. Juu kulikuwa na mlango mweupe na nyuma yake Raya amelala kitandani, tumbo kubwa, miguu imevimba. Alikuwa akisema neno moja moja, taratibu, kama anayemwandikisha mtu: Hamriya. Juu ya mshonaji. Mgonjwa. Anamtaka mama yake. Sikuona ajabu kwamba midomo yake haikuwa ikicheza. Ndotoni huoni ajabu.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hamriya," akasema. "Raya yuko Mombasa, mjukuu wangu."

"Mimi sijui, Bibi. Ilisemwa Hamriya."

Kutoka kwetu hadi mtaa wa Hamriya kwa teksi ni dakika kumi tu. Bibi akaniuliza kama nina viatu safi.

Asubuhi yake, Baba alipokwisha kwenda kazini, Bibi alivaa abaya akanishika mkono. Mama alikuwa jikoni. Hakutuuliza tunakwenda wapi. Alimpa Bibi chupa ya supu, moto, imefungwa kitambaa, akasema, "Chukueni na hii, Mama." Bibi aliipokea. Mimi nilidhani ni supu yetu ya njiani, na nikaona ni nyingi mno kwa safari fupi.

Maduka ya washonaji Hamriya ni mengi. Tulishuka kwenye teksi jua likiwa limeshapanda, tukaanza kuuliza. La kwanza halikuwa na ghorofa. La pili walikaa juu yake wafanyakazi wa kiume tu, na Bibi aliomba radhi na kushuka ngazi akiwa ameshika magoti. Duka la tatu fundi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akasema kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba mke wa fundi wa viyoyozi yuko juu, mlango wa mwisho, na kwamba mama huyo anaumwa sana.

Mlango ulikuwa wa rangi ya kahawia, si mweupe. Bibi alibisha. Sauti ya ndani ilisema mlango uko wazi.

Raya alikuwa kwenye godoro, ameegemea ukuta. Tumbo lilikuwa kubwa kweli na miguu imevimba kweli. Alipotuona alitaka kuinuka, Bibi akamzuia kwa mkono.

"Umenenepa," Bibi akasema.

Raya akaanza kulia. Alilia kimya, machozi tu yakimtoka, na maneno yakatoka katikati yake: wamerudi miezi minne sasa, Athumani kapata kazi ile ile, presha imempanda, daktari kamwambia asiinuke mpaka ajifungue, na Athumani hutoka alfajiri akarudi usiku. Hakuna wa kumpa hata maji.

"Mama, nani kakwambia nipo hapa?"

Bibi alininyooshea kidole. "Huyu kaota."

Raya alinitazama. Kisha akatazama chupa mkononi mwa Bibi. Alipoonjeshwa supu alifumba macho, akasema polepole, "Supu ya Salma hii." Bibi alimfuta kidevu. Mimi nilikuwa dirishani nikitafuta vitu nilivyoviona ndotoni, na sikuviona.

Bibi hakurudi nyumbani siku ile. Alimwambia Raya apige simu, akaichukua, akasema na Baba kwa utulivu. "Nipo Hamriya kwa Raya. Njoo umchukue mtoto wako. Mie nnakaa na wangu."

Baba alikuja, akasimama chini ya ngazi, hakupanda. Aliniambia niingie garini. Tulipofika alimwita Mama ukumbini.

"Wewe umemwambia?"

"Wallahi sikumwambia mama yako neno," Mama akasema, akimtazama usoni.

Baba alimjua Mama. Hakuwa mtu wa kuapa uongo. Basi akanigeukia mimi.

"Nani kakwambia?"

"Nimeota, Baba."

Niliona uso wake ukibadilika, na sikuwa nimewahi kumwona Baba akiniogopa. Alitoka akaenda msikitini. Siku tatu hakuzungumza na yeyote kati yetu. Siku ya nne alinunua godoro la Bibi akalipeleka Hamriya mwenyewe, akalipandisha ngazi mwenyewe, akaliacha nje ya mlango. Raya alijifungua salama baada ya wiki tano, mtoto wa kike. Baba kunywa chai nyumbani kwa Athumani kulimchukua mwaka mwingine, na mpaka leo wawili hao huzungumza zaidi habari za mpira.

Mimi nikapata sifa. Jamaa za Bibi walikuja kunitazama. Mama mmoja jirani aliniomba nimtazamie mwanawe aliyekuwa ng'ambo na hajapiga simu. Nililala, nikajua naota, nikatembea kwenye mtaa mtupu, sikuona mtu. Nilipoamka nilimwambia yu salama, maana ndilo alilotaka kusikia. Kwa bahati yangu alikuwa salama. Lakini usingizi wangu ulinitia hofu baada ya hapo, nikaacha kutiwa hina.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Bibi alikuwa ameshafariki. Mwaka juzi nilimchukua Mama kwa gari kutoka harusi ya yule binti wa Raya, na kwenye foleni, pasipo mimi kuuliza, akaanza kusema.

"Raya alikuwa akinipigia simu, kwa mamake akiona haya. Babako aliniapisha juu ya msahafu, sitomwambia mamake habari za Raya. Nikakaa nazo, mtoto wa watu anaumwa. Basi nikasikia Bibi yako anakutuma kwake; ukilala mchana nikikaa karibu yako. Nikiona macho yako yanacheza ndani ya kope, nnasema. Hamriya. Juu ya mshonaji. Siku zote zile nilisema, nawe huamki na lolote. Siku ya nne nikasogea mpaka sikioni."

Nilisogeza gari mbele kidogo. "Bibi alijua?"

"Sijui. Hakuniuliza, nami sikumwambia."

"Hukuogopa Baba angeingia?"

"Babako yuko kazini saa zile. Nilichoogopa ni wewe kufumbua macho ukaniuliza, 'Mama, unasema nini?' Ningekujibu nini?"

Nilikasirika wiki moja hivi, nadhani kama mtu anayeambiwa kitu alichorithi kilikuwa cha mwingine. Kisha hasira ikaisha. Bado huwa najua, mara moja moja, kwamba naota. Husimama ukumbini kwetu Wadi Kabir, nyumba ambayo tumeshaihama, na siendi popote, na sitafuti mtu. Kuhusu uwezo wa kuona yaliyofichika sina la kusema. Habari ya Hamriya ilikuwa ikijulikana nyumbani mwetu kabla sijaiota. Ninachojua ni kwamba mama yangu, aliyekuwa hana kazi wala nyumba nyingine ya kwenda, alifunga mlango siku nne mfululizo akainama juu ya mtoto aliyelala, akasema alichokatazwa kusema, na mimi nikakisikia.