Kaisari wa Mama

Mama alivaa shingoni sarafu ya fedha yenye kichwa cha mwanamume mwenye taji la majani. Babu, aliyekuwa katekista, alipewa na padri mmoja, na mama akakua akiamini yule ni Mtakatifu Yosefu. Akisali alimpapasa shavu kwa kidole gumba.

Baba mdogo ndiye aliyemharibia. Biashara ziliporuhusiwa, aliacha kazi ya ofisini akaanza kuwauzia wageni vitu vya kale. Kila Jumapili alikuja kanisani kwetu Mkolani kuonesha pikapu yake. Siku moja, mbele ya kina mama wote, aliishika ile sarafu akacheka.

"Shemeji, huyu ni Kaisari wa Roma. Miaka yote umemsalia mpagani."

Akajitolea kwenda kuitupa ziwani. Mama akaivua pale pale, akampa. Tangu siku hiyo hakukomunika tena, kwa aibu.

Mwaka uliofuata nilikaa kwa baba mdogo, Kirumba, nikijifunza kupiga taipu. Nikifagia chumbani kwake, nilikuta kopo lenye sarafu tisa nyeusi za makaisari. Moja ilikuwa na tundu la uzi wa mama. Baba mdogo alinionya nisiziguse: mnunuzi wa Kizungu anakuja Ijumaa, na weusi ule wa ukale ndio anaoutaka. Baba mdogo huyo huyo alinirudisha bombani kila siku na masufuria yake mpaka aone uso wake ndani.

Ijumaa asubuhi nilizisugua zote kwa jivu na mchanga wa ziwani, kisha msasa. Sikuwa na haraka. Kila kaisari nilimwondoa pua, halafu macho, halafu taji. Yule Mzungu alizitazama, akafunga mkoba, akaacha soda yake mezani. Nilipiga goti nikamwambia baba mdogo nilidhani anapenda vitu safi. Alinirushia kopo zima la sarafu, akanifukuza.

Mama nilimpelekea ile yenye tundu.

"Hana uso tena, mama. Hawezi kuwa mpagani."

Hakuniuliza nimeitoa wapi, alishajua. Jumapili aliivaa juu ya kitenge, akamngoja shemeji yake mlangoni pa kanisa, kina mama wakiwepo.

"Shemeji," alisema taratibu, "ulitupa nini ziwani?"

Baba mdogo aliitazama sarafu, akarudi kwenye pikapu yake. Mama akaingia, akakomunika. Mimi nilimwomba Mungu asinisamehe haraka, maana nilikuwa bado ninafurahi.