Maji ya Ng'ambo

Nakumbuka siku moja ya vita, asubuhi, nikiwa nimekaa nyuma ya meza kwenye kivuko chetu cha Kindu, kalamu mkononi. Nakuhadithia wewe, mwanangu, kwa sababu juma lililopita ulinijia na furaha ya kupata kazi: wakubwa wamekuagiza uandike orodha ya wenyeji na wageni katika viwanja vya mtaa wa Mikelenge. Uliniomba nikusahihishie. Sahihisho langu ndilo hili.

Nilikuwa nimetoka chuoni na elimu yangu ya jiografia, treni hazitembei, shule zimefungwa. Wenye bunduki walioushika mji walikuwa na ramani ya zamani tu. Kamanda wao akaniuliza kama naweza kuchora mpya. Naweza! Nilivuta mstari mwekundu katikati ya mto Lualaba, toka juu hadi chini, nikausifu mwenyewe kwa unyoofu wake. Ng'ambo, upande wa Alunguli, walikuwako wapinzani wao. Kwa hiyo, kwa mstari wangu, kila aliyetoka huko akawa mgeni, wa kuvuka kwa karatasi ya ruhusa iliyoombwa jana yake, nami nikawekwa kivukoni kuikagua. Neno hilo, mgeni, nililichagua mimi. Hakuna aliyenilazimisha, na ndipo aibu yangu ilipo.

Asubuhi ile bibi yangu, mzaa mama, alikuwa amefariki mjini. Kwetu maiti hangojwi. Azikwe kabla jua halijazama. Mtumbwi ukafika, akashuka Mama Mudogo Zaina, mdogo wake marehemu mama yangu, amebeba bidoni, dumu la maji, kichwani. Alikuwa mtoto pekee wa bibi aliyesalia, na kuosha mwili wa mama yake ilikuwa haki yake.

Askari wa zamu akacheka. "Mama, unaleta mayi Kindu? Hapa mayi imekosekana?"

"Mama yangu alizaliwa ng'ambo. Ataoshwa na mayi ya kwao."

"Mayi njo ile ile, Mama!"

"Kumbe unajua ni moja," akasema. "Sasa nani alikutuma uigawanye?"

Askari akanitazama mimi. Nami, mwanangu, kwa kuogopa kuonekana mlegevu, nikanyoosha mkono ili watu wote waliokuwa foleni waone, nikamwambia mama yangu huyu: "Karatasi iko wapi?"

Akanisogelea. "Weye, mutoto? Nilikuvusha mto huu mugongoni, una homa, unanitapikia shingoni. Siku ile ulikuwa na karatasi gani?"

Foleni nzima ikaguna. Nikainamisha uso kwenye daftari, na hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Bibi mwenyewe, aliyezaliwa Alunguli, kwa neno langu alikuwa anakwenda kuzikwa mgeni katika mji alimozalia watoto wake wote. Mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilikuwa nimewakatalia hata wafu kwao.

Mama Mudogo akaitengeneza bidoni kichwani, akaanza kupanda mteremko. Hakukimbia.

"Mama, simama!" Askari alikwisha shika bunduki.

"Nitasimama mbele ya maiti ya mama yangu."

Askari akanigeukia. "Huyu unamujua?"

Neno moja tu lilihitajika, na "hapana" ndilo lililokuwa jepesi. Nikafunga daftari. "Ni mama yangu," nikasema. "Na mimi ni wa ng'ambo. Niandike mgeni." Nikaiacha kalamu mezani, nikamfuata, mgongo ukiniwasha kwa kungojea risasi. Haikuja. Hata leo sijui kwa nini.

Wakati wa kuosha, Mama Mudogo hakunisema. Alinipa kata tu. "Mimina." Nikamimina maji yale huku nikilia, na karipio jingine sijawahi kulihitaji.

Wale wenye bunduki wameondoka. Mstari wangu haujaondoka: nausikia sokoni, "wale wa ng'ambo," na leo nauona katika orodha yako, ukiwa umetoka mtoni na kuingia kati ya mashamba ya muhogo. Mpaka huanza na mwenye nguvu, lakini haudumu bila msomi wa kuupa jina zuri. Hiyo ndiyo siri yao: wanatuhitaji.

Basi wakatalie. Warudishie karatasi yao tupu, mchana, watu wakiona. Wakikutisha, kumbuka kwamba Mama Mudogo hakujua kusoma wala hakuwa na silaha, ila alipita. Na wakikuelekezea kidole mtu aliyetoka Kasai, au Pangi, au popote, wakakuuliza kama unamjua, jibu kabla hofu haijakutangulia: ni wangu.

Mungu akupe shingo ngumu, mwanangu, na mkono mwepesi wa kuiacha kalamu. Uvuke salama kila maji, na siku yako ikifika, asikosekane wa kukuletea maji ya kwenu.