Nyanya wa Pasi ya Mkaa

Zamani nguo ilinyooshwa na mtu aliyemjua mwenye nguo. Siku hizi inanyooshwa na mashine isiyojua hata kola ni nini.

Pale kwa dobi tulikuwa wawili: mimi nikifua, mwenzangu akipiga pasi ya mkaa. Alikuwa mweupe wa ngozi, na kila alipoinamia meza, mashavu na pua vilimwiva. Tukamwita Nyanya. Pombe hakuwahi kuionja, lakini nani angeamini, na pua ile?

Mzee mwenye duka alipofariki, mwanawe alirithi funguo, subira ya baba yake akaiacha.

"Nyanya, wateja wanasema unakunywa. Ijumaa uje na cheti cha daktari, la sivyo pasi ataishika mwingine."

Kumbe nyumbani mke wa Nyanya alikuwa akimpaka krimu ya kung'arisha uso, naye akizidi kuwaka. Daktari aliipiga marufuku palepale. Akampa dawa nyingine ya kupaka, akamwambia ugonjwa huu hauponi kabisa, ila hufugika kama mbwa mkali, mradi ujue kinachomchokoza. Basi aandike kila kinachomwasha. Kufika Alhamisi daftari lilikuwa na joto la mkaa, jua la mchana, chai ya moto, pilipili. Chini kabisa aliandika: mama mkwe.

"Na huyu nimwache?" aliniuliza.

"Huyo msubiri apoe, kama chai."

Ijumaa bosi akasoma cheti kwa sauti. "Rosasea." Akatikisa kichwa. "Mnaona? Hata daktari kataja anachokunywa."

"Soma na mstari wa pili, mwanangu," nikamwambia.

Akasoma: ugonjwa wa ngozi, hauambukizi, huchochewa na joto, si dalili ya ulevi. Kisha akashika upande mmoja wa meza ya pasi, tukaihamishia dirishani penye upepo.

Duka lilishauzwa. Sasa mle ndani mna mashine zinazozunguka kama zimepotewa na akili, na wateja wasiosalimiana.

Mara ya mwisho kumwona Nyanya, alikuwa kaketi mlangoni kwake, kofia pana kichwani, akinywa chai iliyopoa hata nzi hawaitaki. Mjukuu wake akaja mbio.

"Babu Nyanya, unaitwa ndani."

Jirani mgeni akashangaa. "Kwani huyu ni babu au nyanya?"

"Asubuhi babu," akajibu mwenyewe, akiinuka. "Jua likiwaka, nyanya."