Safu ya Vilivyovunjika

Mimi sipendi kitu kiharibike. Nyumbani kwangu Mwanga hata chupa ya mawese haitupwi mpaka isimamishwe kichwa chini na kumaliza kudondoka, na mume wangu amekwisha kuacha kulalamika. Tabia hii nilipewa na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea mtaa wa Kasingirima tangu nikiwa darasa la tatu. Alikuwa akinipa ungo wa dagaa na kuniambia niokote hata waliodondokea mchangani, niwaoshe, niwarudishe. Nikinuna, ananiita bibi harusi. "Haya bibi harusi, dagaa hawajiokoti."

Mama mkubwa alikuwa muuguzi. Nilipoajiriwa kwenye stoo ya dawa za serikali, ile inayogawia zahanati za ufukweni na za mjini, alizunguka majirani wote kuwaambia mwanawe sasa anashika funguo za dawa. Yeye wakati huo alikuwa amehamishiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ziwani, mwendo wa saa moja na nusu kwa boti kutoka ufukwe wa Katonga. Alikaa huko peke yake katika nyumba ya mtumishi, na mwisho wa mwezi alikuja mjini na samaki, migebuka iliyokaushwa, tukala, tukacheka.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilifunguliwa chumba cha nyuma. Maboksi yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, dawa zote zimepita muda wake, zinasubiri kuteketezwa. Zilikuwemo dawa za watoto wanaoharisha, za malaria, za vidonda. Siku hiyohiyo nilikuwa nimepita kwenye kituo kimoja nikasikia mama mwenye mtoto mgongoni anaambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, akanunue. Nilisimama katikati ya yale maboksi nikalia kwa hasira. Mzee aliyekuwa akinikabidhi stoo alinitazama kwa huruma, akasema nitazoea.

Sikuzoea. Nilipiga kelele kwenye kila kikao mpaka mkubwa wangu akachoka, akanipa kazi yenyewe: nipunguze upotevu. Nilikusanya leja za zahanati zote nikazisoma ukurasa kwa ukurasa. Leja ina safu ya dawa iliyopokelewa, safu ya iliyotumika kwa mgonjwa, na kule mwisho safu ya iliyopotea, unapoandika sababu: imeisha muda, imelowa, imevunjika. Nilitunga kanuni rahisi. Kituo kinachopoteza kipunguziwe, kinachotumia vizuri kiongezewe. Sitajifanya mnyenyekevu, kanuni ile ilifanya kazi. Baada ya mwaka mmoja ungeweza kufagia sakafu ya chumba cha nyuma.

Sasa, katika leja zote, iliyokuwa mbaya kupita nyingine ilikuwa ya mama mkubwa.

Tatizo lilikuwa dawa moja tu, sindano ya kuzuia damu kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Inakuja katika vichupa vidogo vya kioo na lazima ikae kwenye jokofu. Kwa mwandiko wake ule mzuri wa shule za zamani mama mkubwa alikuwa ameandika: imevunjika kimoja. Imevunjika viwili. Imevunjika kimoja. Hapakuwa na mwezi uliopita bila kichupa kuvunjika. Vituo vingine vilivunja viwili au vitatu kwa mwaka.

Nilimuuliza alipokuja mjini. Tulikuwa jikoni, anachambua mchele.

"Mama, hivi vichupa mnavirusha?"

Alicheka. "Uzee, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa kilugha chetu. " Mikono haishiki tena."

Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, nikaona inaeleweka. Lakini nilijua pia macho ya wenzangu. Wote walijua ni mama yangu mkubwa. Nikimwacha, watasema nambeba. Kwa hiyo vituo vingine vinavyopoteza nilivipunguzia robo ya mgawo, cha kwake nikakipunguzia nusu. Nilijiona mtu wa haki kwelikweli. Mkubwa wangu alipitisha kidole kwenye ile karatasi, akaniambia angepata watumishi kumi wa aina yangu angelala usingizi.

Siku mgawo mpya ulipofika, mama mkubwa alinipigia simu. Hakuwa mtu wa kuomba. Nimekaa naye miaka yote ile sijawahi kumsikia akiomba hata chumvi kwa jirani.

"Mwana wanje, sindano za damu umenipa chache sana. Niongezee kidogo."

Nami, mbele ya wenzangu wawili, kwa sauti ya kuchekesha watu, nikamjibu: "Basi vunja kidogo, mama."

Wenzangu walicheka. Yeye pia alicheka, ila kwa kuchelewa, kisha akaniuliza habari za watoto. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi kuliko sala zangu.

Ilipita miezi miwili. Kisha siku moja, saa saba mchana, nikiwa napanga grafu za kikao cha robo mwaka, akapiga tena. Sauti yake ilikuwa chini, ya mtu asiyetaka wa pembeni asikie.

"Nina mama hapa, kajifungulia ndani ya boti. Damu haikatiki. Sina sindano hata moja. Boti ya kumleta mjini nimeomba, wanatafuta mafuta."

Ningeweza kusema nakuja. Ningeweza kumuuliza ana hali gani. Mimi nikamuuliza: "Umevunja tena?"

Nilisikia mtoto mchanga akilia kule nyuma yake.

"Ego," alisema. Ndiyo. "Nimevunja tena, mwana wanje. Leta."

Nilipanga kisanduku cha baridi huku nikilalamika kwa sauti. Nilitafuta bodaboda mpaka Katonga, nikapita katikati ya wachuuzi wa dagaa nikisukumana na mabeseni, nikakuta boti ya abiria inasubiri ijae. Niligomba mpaka wakaondoka na viti vitatu vitupu. Njiani ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Nakumbuka niliandaa hotuba. Nilikuwa nimkalishe mama mkubwa, nimwambie kwa heshima zote kwamba muda umefika aache vijana washike kazi.

Tulipogusa mchanga niliona boti ya mbao imevutwa nusu nje ya maji, na mwanamke mmoja ameinama ndani yake akiosha kwa kopo. Maji aliyokuwa akiyamwaga yalikuwa mekundu. Kwenye ngazi ya zahanati alikaa mwanamume kijana, kifua wazi, mtoto amefungwa ndani ya shati lake. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri tu, kama mtu ambaye bado hajaambiwa jambo. Lakini alikuwa ameshaambiwa.

Ndani, mama mkubwa alikuwa amekwisha kumfunika. Alinyoosha mkono akapokea kisanduku, akavihesabu vichupa kimoja kimoja, akavipanga kwenye jokofu.

"Visije vikaharibika," alisema.

Halafu akavuta kiti karibu na kitanda, akachukua sindano ya kushonea. Kitenge cha yule mama kilikuwa kimechanika walipokuwa wakimbeba kutoka botini, na mama mkubwa hakutaka aondoke hivyo, aonekane mguu mbele za watu. Alitunga uzi mara moja, bila miwani, bila kulamba ncha, akaanza kushona kwa mishono midogo iliyonyooka. Nilisimama nikaitazama ile mikono. Haikutetemeka hata kidogo.

"Mama," nikasema, "wewe huvunji vichupa."

"Sijavunja hata kimoja tangu nianze kazi."

Alinieleza huku akishona, kwa sauti ile aliyokuwa akinielekezea mapishi. Wanawake wa kambi za wavuvi huko kusini hawana zahanati. Wanahama na samaki, leo ufukwe huu, mwezi ujao ule, na wengine wanatoka ng'ambo ya ziwa. Hawana kadi ya kliniki ya hapa. Miaka ya nyuma, muuguzi aliyekuwepo kabla yake aliandika majina yao kwenye leja bila namba ya kadi, wakaguzi wakamwuliza kwa nini anagawa dawa za kijiji kwa wapita njia, akahamishwa kwa barua ya karipio. Mama mkubwa alipofika akaamua hatamwacha mwanamke amwage damu kwa sababu ya kadi. Akitumia kichupa kwa mwenye kadi, anakiandika kwenye safu yake. Akikitumia kwa asiye na kadi, anaandika kimevunjika. Kwa kichupa kilichovunjika hakuna mtu aliyewahi kumwandikia barua.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alikata uzi kwa meno. "Wewe ni ofisi. Ungejua, ungelazimika kuandika."

"Na cha mwisho? Cha mwisho ulimpa nani?"

"Mwenye kadi. Juzi." Akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Huyu, kingekuwepo, kesho ningemwandika kimevunjika."

Nilitoka nje nikakaa mchangani nyuma ya zahanati, mahali ambapo yule kijana hangeniona. Ile safu niliyoitumia kumpunguzia ilikuwa na majibu yote, nami niliisoma mwaka mzima. Imevunjika kimoja alikuwa mwanamke aliyerudi kambini kwa miguu yake. Imevunjika viwili walikuwa wawili, na watoto wao labda siku hizi wanakimbia kwenye mchanga huohuo. Upotevu mbaya kuliko wote katika leja zangu haukuwa umepoteza kitu. Nilitaka kwenda kumwambia yule kijana kwamba ni mimi. Sikuwa na ujasiri. Baadaye nilimwona akipanda boti na mtoto wake, na wanawake wawili wamembeba mkewe, na kitenge kilikuwa kimefunga vizuri.

Kabla sijaondoka nilifungua leja mezani nijaze siku ile. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Hakuna dawa iliyopokelewa kabla ya saa kumi. Hakuna iliyotumika. Hakuna iliyovunjika. Kwa habari ya yule mama hapakuwa na mahali pa kuandika chochote, na mama mkubwa aliichukua kalamu mkononi mwangu, akaifunika, akasema boti inaniita.

Nilimwambia mkubwa wangu kwamba wanawake wasio na kadi nao waandikwe, wapewe safu yao. Alisema ni wazo zuri, tulipeleke mbele, na bado liko huko mbele. Ya mama mkubwa sikuyasema. Ningeyasema angekuwa mtumishi aliyedanganya kwenye kitabu cha serikali kwa miaka, akiwa amebakiza chini ya miaka miwili astaafu. Kwa hiyo nilikaa kimya kwenye kikao cha robo mwaka wakati grafu yangu inaoneshwa ukutani. Miezi ile ya mwisho vichupa vyake vichache vilikuwa vimeishia kwa wenye kadi tu, na zahanati iliyoongoza kwa kuvunja haikuwa imevunja hata kimoja. Sifuri. Mkubwa wangu alisema huo ndio mfano wa mageuzi tunayoyataka, nikapigiwa makofi, nikapewa kanga.

Nilitoka na ile kanga nikaenda kusimama nyuma ya jengo, karibu na kile chumba nilimolilia wiki ya kwanza, nikampigia.

"Mama, nimekurudishia mgawo wako wote. Na zaidi."

"Asante, mwana wanje."

"Mama," nikasema, "vunja. Vunja unavyotaka."

Nilingoja acheke, maana hucheka kila ninapojitia wazimu. Nilisikia maji ya ziwa, na mtu akibisha hodi mlangoni kwake. Akaniambia ana mgonjwa, akakata simu.