Madamu Alitaka Mutoto Wangu Aitwe Yeye

Kitovu cha mutoto kilianguka asubuhi, na jua halijawa kali bado Madamu alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chetu, kile kimoja chenye mugongo, na kitenge kipya kwenye magoti. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, naoga. Nikasikia sauti yake, ile sauti ya darasa, nikabaki na sabuni kwenye mashikio. Miezi yote ya mimba hakuja. Hakutuma hata salamu. Leo ndiye huyu, na viatu vyake vya kanisa, ndani ya kambi yetu ya wakimbizi, anamuuliza mama kama mutoto ananyonya vizuri.

Mama akapokea kitenge kwa mikono miwili. Akakunja magoti kidogo, akasema aksanti sana ba Madamu, Mungu akubariki. Jirani yetu, mama Mubemba mwenye anauza vitumbua, alikuwa anapita na beseni yake. Akasimama. Akaangalia Madamu, akaangalia kitenge, akapiga vigelegele hata mbwa wakatoka kwenye vivuli.

Hapo nikajua tumekwisha.

Upande huu wa ziwa, hapa kwenye tunaishi, mutu akileta kitenge cha kwanza cha kubebea mutoto siku kitovu kimeanguka, hajaleta zawadi. Ameomba jina. Ukikipokea, mutoto ataitwa kama yeye, na jina haliendi bure. Mwenye jina ana neno juu ya mutoto huyo. Atamuvalisha, atamusomesha, na siku mutoto ameacha kunyonya anaweza kuja kumuchukua akae kwake, na hakuna mutu atamuita mwizi. Kule Pweto kwenye mama alizaliwa, kitenge ni kitenge. Jina linatoka kwa wafu wa familia, ao kwa upande wa baba. Baba wa mutoto wangu alikuwa muchuuzi wa samaki; alirudi kwao Chienge, na upande wake haujauliza mupaka leo kama nilizaa binti ao kijana. Kwa hiyo jina lilikuwa mikononi mwetu, na mama alilitoa bila kujua, kwa sababu ya adabu.

"Ungetaka nikatae kitambaa?" akaniuliza jioni. "Mbele ya mutu mukubwa? Mimi mwehu?"

"Mama, yule ameomba mutoto."

"Ameomba saa ngapi? Aliniuliza kama ananyonya, nikasema ananyonya!"

Madamu hana mutoto. Ana nyumba ya walimu pale Nchelenge karibu na shule, na maua kwenye makopo. Nyumba hiyo naijua kumupita mwenyewe, maana mimi ndiye nilikuwa naifagia.

Tulipovuka toka Pweto nilikuwa nimemaliza shule ya musingi tu. Darasani hapa ilikuwa Kiingereza na Kibemba; Kiswahili ilikuwa lugha ya kuulizia bei ya samaki. Madamu alikuwa anafundisha Kiingereza. Siku moja akatupa kazi ya kuandika juu ya mutu wa nyumbani. Nikaandika namna mama anaanika chisense, wale samaki wadogo, kwenye muchanga wakati wa mvua: anaangalia mawingu kuliko anatuangalia sisi. Pale Kiingereza kiliniishia nikajaza Kiswahili. Alinifuata nje.

"Iwe," akasema, wewe kwa Kibemba. "Nani alikuandikia hii?"

"Mimi."

"Usinidanganye. Kaa hapo, andika ingine."

Nikakaa, nikaandika ingine. Alianza kuisoma amesimama, akamalizia amekaa kwenye majani, na sketi yake ya kazi. Kiswahili alikuwa anakisikia: mama yake alikuwa ananunua samaki kwenye mitumbwi ya Kongo, na yeye alikulia ufukweni akihesabu mafungu.

Kambi ni mbali na shule. Akamuomba mama nikae kwake. Asubuhi nachota maji, nafagia, natwanga sombe, majani ya muhogo. Jioni, tukikwisha kula, ananiambia nilete kaye, daftari langu la kuandikia. Sitasema uongo juu ya jioni zile. Alinifundisha kweli. Aliweka kidole juu ya neno akasema, "Hili linajisifu, litoe." Alipasua karatasi. Mara moja alinipiga kofi, si kwa sababu nilivunja sahani, kwa sababu niliandika kwamba ziwa lilikuwa zuri kama pepo. "Uliona pepo wapi, weye?" Kisha kwenye bukari, ugali wetu, akanipa kipande cha samaki chenye kichwa, kile alikuwa anakipenda yeye. Nilimuogopa na nilimupenda, na mbele ya watu nilikuwa namuita Madamu, lakini mara moja nikiwa na malaria nilimuita mama. Hakunisahihisha.

Halafu shule zikashindana kwa hadithi. Yangu ilikuwa juu ya binti mwenye anangoja baba yake ufukweni. Baba ametangulia kuvusha wengine kwa mutumbwi siku ya masasi, risasi za vita, alisema atarudi kuchukua wengine, harudi. Mwishoni mama ya binti anaanika samaki, anauza, jua linatua, basi. Haikuwa hadithi sana. Baba yangu alivusha watu wa kwanza, akageuza mutumbwi kurudi kutuchukua sisi upande wa Pweto, na hatukumuona tena. Hakuna mutu aliona maiti. Mama hajakaa kilio. Anasema mutu hawezi kumulilia muzima.

Siku ya zawadi ilikuwa pale Nchelenge, kwa hiyo mama akaja, na jirani wa vitumbua akaja kumutafsiria. Madamu akapanda mbele kusoma. Akasema hadithi imeandikwa na yeye pamoja na mwanafunzi wake. Jina lake kwanza, langu nyuma. Sawa, nikalimeza lile. Akasoma vizuri, watu kimya. Akafika mwisho, na haukuwa mwisho wangu. Mutumbwi unaonekana. Baba anashuka. Anamukumbatia binti, anamuambia asome kwa bidii awe mwalimu. Watu wakasimama kupiga makofi, wengine wanafuta machozi.

Nikageuka kumutafuta mama. Alikuwa amesimama juu ya benchi, anaangalia mulango.

"Wanasema amerudi," akaniambia. "Amerudi wapi?"

Jirani alikuwa amemutafsiria neno kwa neno, na mama, mwenye hajui kwamba watu hushindana kwa kusema uongo, alisikia habari. Ilibidi nimuambie mimi. Pale pale, watu wakiwa bado wanapiga makofi.

Usiku ule nilimuambia Madamu maneno yenye mutoto hamuambii mutu mukubwa. Alijibu kwamba bila mwisho ule tusingeshinda. Nilibaki kwake, ningeenda wapi, lakini kaye sikuileta tena. Mwaka uliofuata nikapata mimba. Madamu aliangalia tumbo kama anavyoangalia kazi mbaya ya mwanafunzi, akasema, "Na mimi nilikaa usiku kwa ajili ya hii." Nikabeba begi langu.

Sasa kitenge.

Siku ya pili nilikikunja, nikamufunga mutoto kwa kitambaa chetu cha zamani, nikaenda. Nilikuwa sijalala vizuri tangu nimezaa. Nilimukuta anachambua sombe kwenye baraza.

"Umekuja kunionyesha majina wangu," akasema. Hapa majina ni mutu mwenye mnaitwa sawa.

"Nimekuja kukurudishia hiki. Mama hakujua."

"Mama yako ni mutu muzima. Alipokea mbele ya watu."

"Alipokea kama mutu wa Pweto."

"Na anaishi wapi, Pweto?"

"Madamu, uliweka jina lako kwenye hadithi yangu. Kwenye mutoto, hapana."

Akaweka majani chini. "Bado uko na hadithi ile? Watu walilia, iwe. Walilia!"

"Mama yangu alipanda kwenye benchi."

Nikaona kwamba hakuwahi kujua. Alikuwa mbele, anapigiwa makofi, nani angemuambia? Na mimi usiku ule nilimutukana kwa sababu ya baba, ya mama sikuyasema.

"Alipanda kuangalia nini?" akauliza, polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mulango."

Mutoto akaanza kulia, na kitambaa kilikuwa kimelowa mupaka mugongoni kwangu. Madamu akanyanyuka, akanitolea mutoto bila kuomba ruhusa, akamufuta, akamufunga mugongoni kwake na kitenge kile kile nilichorudisha. Ningemuzuia. Ilinipasa kumuzuia. Lakini mikono ilikuwa imechoka, mugongo umechoka, hasira yenyewe imechoka. Nikalala kwenye mukeka wake kama gunia.

Nilipoamka nepi zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa. Madamu alikuwa anazunguka uwanjani na mutoto, anamuimbia kwa Kibemba.

"Nimeongea na mukubwa wa shule," akasema bila kusimama. "Utarudi darasa la kumi na mbili, masomo ya mchana. Mimi nafundisha asubuhi. Mchana mutoto atabaki na mimi."

"Akiitwa nani?"

"Vile nimeomba."

Ndivyo alivyo. Anakulisha, anakufulia, halafu anakuonyesha mulango wenye kitasa kiko mikononi mwake. Nilitaka shule mupaka meno yananiuma. Wenzangu wa kambi wenye wamezaa, nawaona: beseni kichwani, mutoto mugongoni, kila siku mupaka uzee. Na upande ingine namuona mutoto wangu amekaa kwenye baraza ile, ana miaka ya shule, mutu anamupasulia karatasi.

Wiki ya kupima watoto, Madamu alikuja kliniki bila kuitwa. Tulikaa benchi moja, wanawake wanamusalimia yeye, si mimi. Muuguzi akamutundika mutoto kwenye mizani, ndani ya ile suruali ya kupimia, akauliza jina.

Madamu akaniangalia. Hakusema yeye. Hilo namupa.

Nikataja jina la baba yangu.

"Hilo ni la mwanaume," muuguzi akasema.

"Ni la baba."

Mutoto alikuwa ananing'inia, anapiga miguu. Madamu alinyanyuka, akamutoa kwenye suruali ile, akamufunga kwenye kitenge. Anajua desturi yetu, nilimuandikia siku za kaye: kwetu jina la mutu halipewi mutoto kama mwenyewe anaweza kurudi. Tukatoka. Sikuuliza juu ya shule. Barabarani, macho yake kwenye magari ya Mansa, akasema, "Jumatatu umulete." Na baadaye kidogo: "Huyo mwenye jina hilo."

Mama alikuwa anageuza chisense kwenye muchanga. Nilimuambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema.

Aligeuza mustari mumoja, akageuza mwingine.

"Basi amekufa," akasema.

"Sijui, mama."

"Umetoa jina lake. Amekufa." Hakulia. Alimaliza kugeuza samaki wote, akajipangusa mikono, akaniomba mutoto, akamuangalia sana usoni. "Watu watakuja kulia. Tutahitaji sufuria kubwa."

"Madamu iko nayo."

"Nenda, jua lingaliko."

Nikaenda tena ile njia. Madamu aliitoa sufuria nyuma ya nyumba, akaanza kuisugua masizi kwa muchanga, ingawa nilimuambia tutaisugua wenyewe.

"Kwenye kilio nani atasema juu yake?" akauliza. Hapa kwenye kilio mutu husimama, akaeleza marehemu aliishi namna gani na alikufa namna gani.

"Mimi. Nitaandika, nitasoma."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Wamama wa kanisa langu hawatasikia."

"Basi wewe utawatafsiria. Lakini useme yale nimesema."

Alisugua muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mupaka kwenye pete.

"Hata pale mwisho ni mubaya?"

"Ni mubaya, Madamu."

Akainua sufuria, akanitwika kichwani, akashika ukingo mupaka nikaizoea. "Haya," akasema. "Nitasema yale umesema." Nikaondoka na shingo imenyooka, maana na sufuria kama ile huwezi kugeuka nyuma.