Maji Yako kwa Baba

Nimezunguka sehemu nyingi tangu wakati ule, na kila nikiona mtu ameshika dira namkumbuka mkufunzi wetu. Simkumbuki kwa wema.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami niko chuo cha ualimu. Mwaka huo waliongeza somo la mafunzo ya nje: kupiga hema, kusoma ramani, kuongoza wanafunzi porini bila kuwapoteza. Aliyefaulu safari ya mwisho alipewa cheti cha kuongoza kambi. Nilikitaka cheti kile kuliko chakula. Miguu yangu haikupata kutulia tangu utotoni, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoisikia inayomtoa mwalimu darasani.

Mkufunzi alitoka mbali, na alijivunia Kiswahili chake. Wiki ya kwanza ya kambi, karibu na Ikoma, bibi mmoja alitugawia maji. Mimi ni Mkurya wa Tarime, ulimi ukaniteleza, nikasema, "Asante, baba." Kwetu "baba" ni mama. Mzazi wa kiume ni "tata". Mkufunzi hakuuliza. Alinisimamisha mbele ya wenzangu nikiwa nimeshika nguzo ya hema, nirudie "mama, mama, mama" mpaka aridhike.

"Basi, kaa chini, Baba Gauni," akasema.

Jina likaning'ang'ania. "Baba Gauni, lete kuni!" "Baba Gauni, leo umeshona pindo?" Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa naweka akiba.

Safari ya mwisho ilikuwa ya kutwa nzima kuelekea Kisaka, na aliongoza yeye mwenyewe ili tuone inavyofanywa, huku akitupima njiani. Kufikia saa sita vibuyu vilikuwa vitupu, na kijito kilichoonyeshwa kwenye ramani kilikuwa mchanga mtupu. Tukakutana na kijana wa Kikurya anayechunga ng'ombe. Jana yake tulikuwa tumesalimiana njiani naye na baba yake, na huyo mzee akatuonyesha boma lake juu ya kilima.

"Maji tutapata wapi, kijana?" mkufunzi akamwuliza.

"Maji yako kwa baba," akajibu kwa Kiswahili chake cha malishoni. Akawapigia ng'ombe mluzi, akaenda zake.

Mkufunzi akageukia kilima. Mimi nikatazama bondeni, ulikokuwa moshi mwembamba na migomba ya kijani. Nyumba ya mama yake yule kijana ilikuwa kule. Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga.

Tulipanda kilima kile jua likiwa utosini. Rafiki yangu, ambaye hakuwahi kuniita lile jina, alikuwa na malengelenge miguuni. Nilimbebea mzigo, lakini sikumwambia neno. Juu tulikuta mlango umefungwa kwa kamba, mbwa mmoja, na mitungi iliyofunikwa kifudifudi. Mkufunzi akakaa juu ya jiwe. Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu.

"Yule mshenzi ametudanganya," akasema.

"Hakutudanganya, mwalimu. Alisema kwa mama yake. Ni kule bondeni kwenye moshi."

Akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua tangu pale tulipomwuliza."

"Na mbona hukusema?"

"Mimi ni Baba Gauni, mwalimu. Kiswahili sikijui."

Nilitegemea wenzangu wacheke. Hakuna aliyecheka. Rafiki yangu alichukua mzigo wake mgongoni mwangu bila kunitazama, akaanza kuteremka akichechemea. Mkufunzi ilibidi ashikwe mkono. Nilitembea nyuma yake hatua kwa hatua nikimwangalia anavyojikwaa, na sijapata kuonja asali tamu kama ile.

Cheti sikupata. Aliandika kwamba sifai kukabidhiwa watu porini, nami siku hiyohiyo nilifunga sanduku langu nikaondoka chuoni. Tangu hapo nimekuwa mtu wa njia. Leo nina miaka zaidi ya arobaini, na nimekwisha kukiri kwamba alichoandika ni kweli: watu ishirini walikauka koo kwa sababu yangu, na mmoja wao hakunisalimia tena. Rafiki yangu ningemwomba radhi, kama ningejua alipo. Mkufunzi, hapana. Yeye nikimkuta leo njia panda, akiuliza maji yako wapi, nitampandisha kilima kingine.