Sahani ya Pembeni

Kuna siku moja, mwanangu Riziki, ambayo huikumbuka kila ninaponawa mikono. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Mtoto wa kaka yangu ni wangu, na Jumatatu unaanza kujifunza useremala hapa Kasongo. Keti nikueleze.

Nilipopata diploma na kukosa ajira, niliingia karakana ya Fundi Ramazani kujifunza kutengeneza pikipiki, zile zinazorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila zimekula matope. Nilikuwa msichana pekee, tena Mtwa pekee, sisi watu wa msituni. Mchana mafundi walizunguka sahani moja kubwa ya ugali na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nikapewa yangu, pembeni, imefunikwa vizuri.

Akili yangu ikavurugika. Mgeni wa heshima hupewa sahani yake. Lakini Mtwa naye, tangu enzi za babu zetu, hupewa yake, kwa kuwa wengine hawataki kuchovya naye. Sasa hii ilikuwa ipi? Nilikagua kifuniko. Nilipima sombe kwa macho: leo ni nyingi, basi ni heshima, kesho ni kidogo, basi ni dharau. Nikawa nafungua injini huku mawazo yako kwenye sahani, hata nikafunga klachi bila springi. Nikaamua kuacha.

Nilipomweleza bibi yangu, tuliyemwita Koko, alicheka mpaka akashika mbavu.

"We mutoto, masomo yako imefika mpaka kwa sahani?" Kisha akakaza uso. "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Weye uko na spana mukononi mwezi muzima, ungali mugeni wa nini? Wakuheshimu, wakuzarau, sahani ya pembeni haitakufundisha. Kazi wanaiongelea kule wanakulia."

Kesho yake nikanawa, nikaipita sahani yangu, nikapeleka mkono kwenye ile kubwa. Saidi, mwanafunzi mwenzangu, akasema, "Diplome, leo yako iko na chumvi mingi?" Fundi mmoja mzee akainuka, akidai ameshiba. Mpaka leo sijui kama alishiba kweli.

Fundi Ramazani akamega tonge. "Sogea, Saidi. Na weye, tuambie, ile klachi uliifunga namna gani?"

Nikaeleza, mdomo umejaa. Wakanicheka, wakabishana, wakanionyesha springi inakokaa. Nikabaki.

Basi nasaha yangu ni hii, na hata sasa naigeuzageuza nikihofu nimeikosea: usingoje kwanza uelewe watu wanakuonaje ndipo ujifunze kazi. Huenda usielewe kamwe. Mimi nimekuwa fundi, na bado sijaelewa. Wewe nawa mikono, keti walipo mafundi, uliza. Mchovya asali hachovyi... hapana, hapa si mahali pake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono unaojua mbao, na sahani yenye mikono mingi.